Mwaka wa Taratibu

Walipofika nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, mdomo umejaa vimisumari, kwa hiyo salamu yangu ya kwanza kwa yule kijana ilikuwa mguno. Aliinama akanipa mkono, akasema, "Shikamoo, Fundi," silabi moja moja, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Nikatema vimisumari kiganjani nikamwitikia. Nyuma yake alisimama mhadhiri wake wa hapa, mama mwembamba mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, asijue akanyage wapi. Sakafu ya karakana yangu haipendi viatu vizuri. Kuna vipande vya sponji, springi zilizochoka, nyuzi, na vumbi lililotoka ndani ya makochi ya watu.

Mambo yalikuwa yamepangwa na mke wangu. Yeye ni mpishi katika mgahawa wa chuo kikuu, na huko alisikia wanatafuta nyumba za kuwapokea wanafunzi wa kigeni. Huyu alikuwa anasoma lugha mbili katika chuo cha kwao, mojawapo Kiswahili. Mwaka wa tatu kila mwanafunzi anatakiwa aende akaishi na wenye lugha. Wenzake walikimbilia ile lugha nyingine, kwenye majiji yenye treni za chini kwa chini. Yeye akachagua kuja kwetu.

Mhadhiri hakukubali kukaa. Alitueleza kwamba mwisho wa mwaka kijana atakalishwa mbele ya watu watatu asiowajua. Atazungumza nao, kisha atafanya ukalimani kati ya watu wawili wasioelewana. Akishindwa hakuna kurudia. Chuo chake kitamwondoa kwenye Kiswahili, na atamaliza masomo na ile lugha nyingine peke yake.

"Kwa hiyo msimwonee huruma," alisema. "Ongeeni naye kama mnavyoongea nyinyi kwa nyinyi. Sitaki zaidi ya hapo."

"Hapa hukukosea nyumba," nikamwambia. "Huruma mimi sijawahi kuwa nayo."

Mke wangu alicheka kwa sababu anajua ni kweli. Mdomo wangu hauna breki. Mteja akiniletea kitambaa kibaya namwambia ni kibaya, na wapo waliokwenda na makochi yao wasirudi tena. Ndivyo nilivyolelewa kazini. Niliacha shule kabla sijaota ndevu, nikaingia kwa fundi mmoja ambaye hakuwahi kunisifu hata siku moja. Nikishona vibaya alikuwa anafumua mshono mbele ya mwenye kochi, polepole, huku wote wawili wananitazama. Nilimchukia yule mzee, lakini mishono yangu imenyooka mpaka leo.

Tatizo ni kwamba karakana ni yangu, nyumba ni ya mama yangu.

Jioni ile ya kwanza tulikaa mezani wanne, mama yangu, mke wangu, mimi na mgeni, naye akajaribu kutueleza kwa nini alichagua Kiswahili. Ilimchukua muda mrefu mpaka chai ikapoa. Alipokuwa mtoto, alisema, kwenye mtaa wao ilihamia familia moja iliyokuwa inaongea Kiswahili. Mama wa familia ile akaugua. Hospitali hakuna aliyemwelewa, na aliyekuwa anamsemea kwa daktari ni binti yake mdogo, aliyekuwa anasoma darasa moja na huyu kijana. Yule mama alikuwa anaona aibu kumwambia mtoto wake panapouma. Kwa hiyo hakusema. Kijana alitaka kuwa mtu anayesimama pale katikati, kando ya kitanda, ili mtoto wa mtu asilazimike kusimama.

Ni hadithi nzuri. Lakini aliisimulia kwa maneno yaliyopinda, nami nilimkatiza mara mbili kumnyoosha. Mara ya tatu mama yangu aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu.

"Taratibu," alisema. "Mtoto wa watu huyu."

Lazima nimtendee haki mama yangu. Alipoolewa na baba aliletwa mji huu hajui neno la Kiswahili. Mawifi zake walikuwa wanamtuma dukani makusudi, halafu wanamfuata kwa nyuma wakasikilize atakavyosema. Alicheka nao mwanzoni, baadaye akanyamaza kabisa, karibu mwaka mzima, hadi watu wakadhani ameolewa bubu. Hilo alikuwa amelihifadhi kifuani miaka yote. Na sasa ameletewa kijana mwenye masikio mekundu anayehangaika kutafuta neno, akaona hapa ndipo pa kulipa. Katika nyumba yake, alisema, huyu mtoto hatachekwa, hatakatizwa, na hakuna atakayemharakisha.

Basi tukawa tunaongea taratibu. Mama yangu alikuwa akisikia mtu amekaza mwendo anasema tu, "Taratibu!" kutoka popote alipo, hata akiwa anaoga. Kijana mwenyewe alidhani mwanzoni ndilo jina langu. Alipojua maana yake alicheka, na jina likamhamia yeye. Tukamwita Taratibu, naye akaitika.

Asubuhi alikwenda chuoni kwenye vipindi, na huko, nilikuja kujua baadaye, alikuwa anakaa na wageni wenzake. Mchana alirudi kunisaidia karakana. Alikuwa na mikono mizuri. Kitambaa kinataka watu wawili, mmoja avute, mwingine apigilie, na yeye alijua kuvuta bila kupindisha maua. Mahali alipokosa neno alijitengenezea lake. Kochi lililovuliwa kitambaa aliliita kochi uchi. Sponji iliyokufa aliita mkate wa jana. Nikinuna, hata kama sina kitu mdomoni, alikwenda kumwambia mke wangu, "Leo Fundi ana misumari mdomoni."

Tulivunjika mbavu, lakini si kwa kumcheka. Tuliyapenda yale maneno tukayachukua. Mke wangu akawa ananiuliza mezani kama kuna makochi uchi mengi. Ilifika mahali hata yeye akiwa hayupo tunaongea kama yeye, sentensi fupi fupi, kila moja imesimama peke yake. Tulimtafunia kila kitu. Akianza sentensi, watatu tunainama mbele kuimalizia. Akikosa neno, mama yangu ameshaona mkono wake unaelekea wapi na amempa chumvi.

Na kwa mama yangu alikuwa hodari, hilo silikatai. Kila jioni alikaa naye kwenye benchi la uani akimtungia uzi kwenye sindano, wakapiga soga mpaka mke wangu anawaita ndani. Walielewana kabisa. Katikati ya mwaka mhadhiri alikuja kumtazama, akakaa nao uani, akawasikiliza wawili wale wanavyopokezana maneno, na usoni akaonekana ameridhika.

"Anaongea kama mzaliwa wa hapa," mama yangu alimwambia.

Mhadhiri alinigeukia mimi. Nilikumbuka kile kiganja juu ya mkono wangu. Nikasema anaendelea vizuri.

Mtu wa kwanza kulisema jambo lilivyo alikuwa fundi viatu, jirani yangu, ambaye kibanda chake na karakana yangu vinatazamana. Yule maneno yanamtoka kama mahindi yanayomwagika kwenye gunia. Taratibu alipenda kwenda kusimama pale kumsikiliza, na fundi viatu akicheka, naye anacheka.

"Mgeni wako ni mtu mzuri," fundi viatu aliniambia siku moja. "Ila anacheka kabla sijamaliza. Jana nilikuwa namhadithia msiba wa shemeji yangu."

Nilimwambia apunguze mwendo. Hilo ndilo jibu nililompa, mimi niliyejisifu mbele ya mhadhiri kwamba huruma sina. Fundi viatu alinitazama kama nimeugua.

Halafu akaja yule mama wa kiti.

Siku hiyo nilikwenda kununua sponji, nikamwacha Taratibu karakana. Niliporudi nilikuta kiti kimoja cha mikono, cha zamani, mbao zake imara, kitambaa cha kijani kimechakaa. Nikamuuliza mwenye kiti amesemaje. Taratibu alitabasamu akasema, "Mama anataka kiti kizuri. Kipya. Atarudi."

Kazi kama hiyo siulizi mara mbili. Nilikishusha kitambaa chote kwa kisu, nikakung'uta, nikatupa vipande kwenye pipa la taka, na gari la taka likapita kama kawaida yake. Tulibadilisha springi na sponji, tukavuta kitambaa kipya cha rangi ya kahawia. Kilitoka safi. Nilikuwa nakisugua miguu kwa polishi mwenyewe alipoingia.

Alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, sauti ya chini. Alikitazama kiti, akazunguka nyuma yake, akarudi mbele. Akaniuliza kitambaa kiko wapi. Nikamwambia kimeshakwenda.

"Hata kile kipande cha mkono wa kulia?"

Nikamuuliza kipande gani. Akanieleza, bila kupandisha sauti, tena haraka haraka kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajalia. Kiti kilikuwa cha mume wake. Marehemu alikuwa na tabia ya kusugua mkono wa kiti kwa kidole gumba wakati anasikiliza redio, na pale pamekwisha mpaka nyuzi zinaonekana. Alitaka tutengeneze ndani tu. Kitambaa kisiguswe.

"Nilimwambia kijana wako mara tatu," alisema. "Mara zote tatu aliniambia ndiyo, sawa."

Nilisema kosa ni langu, kwamba kijana aliniambia na mimi nikasahau. Sikutaka malipo. Alikikalia kile kiti kwa muda mfupi, akaweka mkono wa kulia juu ya kitambaa kipya, akauondoa. Kisha akaita mtu wa mkokoteni aje akibebe.

Muda wote huo Taratibu alikuwa amesimama kando yetu, hatua mbili tu, kitambaa cha polishi mkononi. Mama yangu naye alikuwa ametoka ndani, amesimama mlangoni. Mkokoteni ulipoondoka, Taratibu alitugeukia uso umechangamka.

"Mama amefurahi?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Mama yangu akanitangulia.

"Ndiyo," alisema, taratibu, kila neno limesimama peke yake. "Amefurahi. Amefurahi sana."

Kijana akarudi kwenye kazi yake akipiga mluzi.

Nilimfuata mama yangu jikoni. Nilimwambia yule mtoto hajui Kiswahili, anakujua wewe. Akitoka nje ya uzio huu ni kama amezibwa masikio, na mtihani hauko uani kwetu. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa. Akasema mtoto yuko mbali na kwao, ana furaha, na furaha ndiyo inayofundisha.

"Wewe walikucheka," nikasema, "na lugha ukaijua."

"Nilijua kunyamaza," alisema. "Lugha nilifundishwa na baba yako, usiku, kwa upole. Hayo hukuyaona."

Nikarudi karakana. Na nikanyamaza, si siku ile tu. Nilijiambia bado kuna muda, nilijiambia labda anasikia zaidi kuliko ninavyodhani. Kulikuwa na kazi nyingi, na kijana alikuwa na furaha, na kila jioni uani zilisikika sauti mbili zikipokezana.

Mtihani ulipokaribia, zikiwa zimebaki kama wiki mbili, tulikuwa tunalivika kitambaa kochi refu la watu watatu, yeye anavuta, mimi napigilia. Bila kupanga nilimsemesha kama ninavyomsemesha fundi viatu. Nilimwambia kwamba kwa mwendo huu anakwenda kuumbuka, kwamba asipotoka akawasikiliza watu wasiomjua atakaa mbele ya wale watatu kama gogo, na kwamba sisi ndio tuliomponza.

"Ndiyo, sawa," alisema, akavuta kitambaa.

Nikaweka nyundo chini.

Ilibidi nimwambie taratibu kwamba haelewi watu wasiomwambia taratibu. Sijui kama kuna jambo gumu zaidi ya hilo nimewahi kumwambia mtu. Nilitafuta maneno mafupi, yale yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Masikio yakawa mekundu kama siku ya kwanza.

"Yule mama wa kiti," alisema. "Alisema nini?"

Nikamwambia. Kuhusu mume, redio, kidole gumba. Nilimwonyesha kwa kidole changu juu ya mkono wa kochi, ili asipotee. Alikitazama kidole changu muda mrefu.

"Mimi nilitaka kusimama hospitali," akasema.

Aliingia ndani. Mimi nilibaki na kochi nusu limevaa. Nilimsikia anamuuliza mama yangu, "Bibi, ulisema amefurahi?" na nikamsikia mama yangu anajibu, "Nilisema hivyo, mwanangu."

Tangu siku hiyo alikuwa anatoka. Alikaa kwa kinyozi bila kunyolewa. Alisimama sokoni, akasimama kituo cha basi, akaenda kwa fundi viatu, na safari hii hakucheka. Kila aliposhindwa alimwambia mtu, "Sijaelewa, tafadhali sema tena," na watu wana shughuli zao. Wengine walirudia, wengi walimpungia mkono. Alirudi jioni amechoka kama mbeba mizigo. Mezani mimi na mke wangu tulianza kuongea kwa mwendo wetu, naye akafuata midomo yetu kwa macho, mara huku, mara kule. Mama yangu alikataa. Aliendelea na mwendo ule ule, na baada ya siku chache Taratibu akawa hamjibu kwa sentensi, anamjibu kwa kichwa. Benchi la uani likabaki na mtu mmoja na sindano yake.

"Umemkata mtoto ulimi," mama yangu aliniambia.

Siku ya mtihani alivaa shati alilopigiwa pasi na mama yangu, kola imesimama. Nilifunga karakana nikamsindikiza. Njiani nilimsemesha mambo ya kawaida, bei za vitambaa, mvua, na alielewa karibu nusu. Nusu ile ilinipa matumaini ya kijinga. Alipoitwa ndani nilikaa kwenye kochi la korido, kazi mbovu kabisa, sponji nyembamba na misumari inayosikika. Mlango ulikuwa mzito. Nilisikia sauti za watu wazima watatu wakipokezana, kisha kimya, kisha sauti yake, fupi. Kisha sauti zao tena. Baadaye sauti yake ikawa inachelewa. Kisha haikuja.

Mhadhiri ndiye aliyetoka kwanza. Hakuwa mmoja wa wale watatu, alikuwa amekaa nyuma kusikiliza tu, lakini miwani alikuwa ameishika mkononi na macho yake yamechoka. Alikaa karibu nami kwenye lile kochi bovu.

"Kila swali aliomba lirudiwe," alisema. "Kwenye ukalimani aliwasimamisha wote wawili, akasema hawezi kuendelea kwa sababu hajaelewa, na hataki kusema kitu ambacho mtu hakukisema. Wanafunzi wengi wakibanwa hubahatisha. Huitikia, hutabasamu, huokota neno hapa na pale, na wapo wanaopita hivyo hivyo. Huyu alikataa."

Nilimuuliza kama angebahatisha angepita.

"Labda. Sijui." Alivaa miwani yake. "Nyumbani mlikuwa mnaongea naye vipi?"

"Taratibu," nikamjibu.

Alitikisa kichwa kidogo, akainuka. Sikuhitaji kuelezwa matokeo.

Kijana alitoka baadaye, shati limelowa mgongoni. Nilisimama. Nilitaka kumshika bega, lakini mikono yangu haijazoea hayo.

"Fundi," alisema, "sikusema ndiyo, sawa. Hata mara moja."

"Najua," nikasema. "Umefanya vizuri." Na nilipokuwa nasema nilihisi kwamba labda hapo ndipo nilipommaliza. Ningenyamaza angeingia mle ndani akicheka kabla ya watu kumaliza, akaitikia, akatabasamu, na labda wangempitisha. Au ningesema tangu siku zile za chumvi mezani, angekuwa na mwaka mzima wa kuchoka na kinyozi na sokoni, akafika mle ndani akiwa na masikio. Nilichagua wakati ambao haukufaa kwa lolote.

Mama yangu alikuwa anatusubiri mlangoni. Alimtazama uso mara moja tu.

"Wamekuonea," akamwambia.

"Hapana, Bibi. Waliongea kama watu wanavyoongea."

Alikaa nasi siku chache zaidi, akimalizia karatasi zake chuoni. Lile kochi refu tulilimalizia pamoja, na kwenye mishono ya mwisho alishona yeye, nikakagua, mshono mmoja ulipinda, nikaufumua mbele yake nikamwambia arudie. Alirudia. Ulinyooka. Nadhani hilo ndilo fundisho pekee nililowahi kumpa kama inavyotakiwa.

Siku ya kuondoka alimpigia mama yangu magoti. Mama yangu alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia maneno mengi, taratibu sana, na kijana akayaelewa yote, nilimwona usoni. Kwangu alisema, "Fundi, asante kwa kusema." Nikaguna, kama siku ya kwanza, ingawa safari hii sikuwa na kitu mdomoni. Gari likaondoka.

Mimi na mama yangu tulinuniana kwa muda. Yeye anasema ningenyamaza angepita. Mimi nasema yeye angeniacha niseme tangu mwanzo, kijana angepita. Mke wangu hutuacha tumalize, kisha husema sote wawili tunaongea kama yule kijana, na ni kweli. Mteja mmoja aliniuliza juzi kwa nini namweleza mambo kama mtoto mdogo. Nilikuwa nimemwambia, "Kochi ni uchi. Sponji ni mkate wa jana. Rudi Ijumaa."

Taratibu hupiga simu Jumapili, mara moja moja. Mwaka wake wa mwisho anasoma ile lugha nyingine tu. Kiswahili hakuna wa kusema naye, na kila simu anakuwa na maneno machache kuliko simu iliyopita. Mama yangu anajua, kwa hiyo anapunguza mwendo zaidi. Sasa wanasalimiana, wanaulizana afya, wanataja hali ya hewa, basi.

Jumapili iliyopita nilimwomba mama yangu anipe simu. Nilikwenda nayo karakana nikafunga mlango, nikakaa juu ya mkono wa kochi la mteja. Nilikuwa na jambo la kumwambia, nami sikutaka kumwambia kama mtoto. Nilimwambia kama ninavyomwambia mwanamume mwenzangu, kwa mwendo wangu wote. Kwamba mhadhiri alituambia la kufanya, nami nikalijua, na mtu kama mimi ninayewafumulia watu mishono mchana kweupe nilimwacha aende na mshono uliopinda mwaka mzima kwa sababu nyumbani kulikuwa na raha. Kwamba pale hospitali, kando ya kitanda, kuna mtu atasimama ambaye si yeye, na mimi nalifikiria hilo nikiwa kazini. Kwamba nasikitika. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia mtu neno hilo.

Nilipomaliza nilisikia pumzi zake, na nyuma yake sauti za watu wakiongea lugha nisiyoijua.

"Ndiyo, Fundi," alisema. "Sawa."

Nilikaa na ile simu sikioni. Kisha nikafungua mlango, nikamrudishia mama yangu.